Gunia la Juu

Kila alfajiri, kabla hajawasha jiko, Mwanakheri huketi ukingoni mwa kitanda na kumkumbuka marehemu mumewe, Shomari, akiwa amesimama mlangoni. "Kama ningejua, nisingekuoa," alimwambia siku ile ya mwisho, akatoka; jioni watu wakamletea maiti yake.

Hapendi kuyakumbuka maneno hayo, ila hana budi. Siku hizi kumbukumbu hukaa kwenye kidude nyuma ya sikio, na nafasi yote ni mali ya Jiji; isiyotumika hurudishwa. Kumbukumbu zinazomhusu mtu mmoja hupangwa kama magunia ghalani, la zamani chini, la mwisho juu, na Jiji huchukua kuanzia juu tu. Gunia la juu likiguswa kila siku kwa kukumbukwa, ya chini yote husalimika: harusi yao, vicheko, usiku Shomari alipomwimbia binti yao Siwema akiugua surua.

"Liache lile, Mama," Siwema humwambia. "Unajitesa."

"Nikiliacha, watashuka mpaka harusini."

Jana Siwema alikuja na mwanawe mgonjwa mgongoni. "Mama, hivi Baba aliniimbia wimbo gani?"

Mwanakheri akafumba macho. Wimbo ulikuwemo, hakuna aliyeuchukua. Lakini kila alipoukaribia, ile sauti ya mlangoni ilimtangulia, na kwa kurudiwa miaka yote hiyo ilikuwa imekua, imejaa kichwa kizima.

Mtoto akalia. Siwema akangoja.

"Baba yako," akasema hatimaye, "hakunipenda hata siku moja."