Kikombe Nje ya Maabara

Bi Zulfa hakutia kitu kinywani tangu jana usiku, kama daktari alivyomwagiza. Kwenye dirisha la maabara alikikunjua cheti cha kipimo cha sukari, kile alichokuwa akikihamisha tangu masika kutoka chini ya godoro hadi kabatini, kisha akikirudisha tena chini ya godoro.

"Mama, hiki kimepitwa na muda," mhudumu alisema kwa upole. "Hatupimi mpaka daktari aandike kingine. Nipe nimpelekee, ila usile chochote."

Alimpa, akatoka, akaketi kwenye benchi la muuza chai. Kuogopa kulikuwa kumemchosha kuliko njaa. Marehemu dada yake aliingia hospitali hii kwa miguu yake miwili, akatoka na mmoja.

"Nikutilie sukari, mama?" muuza chai aliuliza.

"Tia."

Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akaanza kukipuliza. Hakunywa. Baada ya kitambo mhudumu alitokeza mlangoni na cheti kipya, akamwita kwa jina. Bi Zulfa hakugeuka. Aliendelea kuipuliza chai, ingawa ilikuwa imeshapoa.