Mama Perege Achagua Tangi

Bwawa lilipoanza kukauka, Mama Perege aliwakusanya wanawe kinywani, kama perege wafanyavyo penye hatari, akaenda kuwatafutia nyumba. Kaa, aliyejulikana kwa kujibu alichoulizwa tu, ndiye aliyelinda vyombo vilivyozama bwawani. Humo maji yangebaki hata kiangazi kikiingia. Kambare naye akawafuata kwa nyuma, kimya.

"Mzee Kaa, mtungi huu hauvuji?"

"Hauvuji, mama."

"Lakini una giza. Wanangu wataogopa. Na hilo karai?"

"Lina kutu kidogo."

"Kutu! Wakiugua, utawatibu wewe?"

Wakafika kwenye tangi la kioo. Mama Perege alilizunguka mara saba, akauliza unene wa kioo, jua linaingilia upande gani, nani alikaa humo kabla na kwa nini alihama. Kaa alijibu yote, wala hakudanganya.

"Basi ni hili," alisema Mama Perege kwa furaha. "Ingieni, wanangu."

Akapanua kinywa. Hakutoka hata mmoja.

Nyuma yake Kambare alikuwa akijikokota kuelekea matopeni, tumbo limemjaa.

"Kila ulipofungua kinywa kuuliza, walitoka wawili watatu," alisema Kaa, "naye akawadaka."

"Ukaona, ukanyamaza?"

"Hukuniuliza habari zao, mama. Uliniuliza habari za tangi."

Bwawa likakauka. Mama Perege alikaa tangini peke yake kiangazi chote, na tangi halikuvuja hata tone.