Fundo la Leso

Basi lilisimama mbele ya kituo cha watoto yatima, injini ikiunguruma, na mwenyekiti wetu akapiga makofi. "Watoto washuke! Leso za ngoma zirudi kikapuni, kina mama, na tusisukumane."

Kila mwaka chama chetu cha Voi hufanya hivi. Asubuhi tunacheza ngoma na watoto wa kituo, tunawaachia unga na sabuni, kisha kila mama humpakata mmoja hadi mbugani Tsavo. Jioni tunawarudisha.

Wangu aliitwa Mkawasi. Ndovu alipokaribia dirisha la basi, mtoto huyo alifunga pindo la leso aliyovaa kiunoni kwenye pindo la yangu, akalikaza fundo kwa meno. Sasa nilikuwa nikihangaika nalo kwa kucha, huku mwanangu mchanga akinipiga mateke mgongoni.

"Bibie, bado tu?" mwenyekiti akaita. "Au umemshona kabisa?"

Wakacheka. Mkawasi hakucheka. Alikuwa akivitazama vidole vyangu.

"Ndovu ameshaenda," nikamwambia.

"Najua."

Fundo likaanza kulegea. Nikaona pindo lake likiteleza, linatoka.

Nikalikaza upya.

"Mama mlezi," nikamwita mwanamke aliyekuwa akitungoja langoni, "mtu akitaka mtoto wa kulea, anaanzia wapi?"

Kicheko kikakatika. Tukashuka pamoja, ngazi moja moja, tukichunga fundo lisifunguke.