Udongo wa Muleba

"Toeni ndimi nje, wote!" aliamuru Joanitha, kopo tupu mkononi.

Asubuhi kopo hilo lilikuwa na kipande cha udongo mweupe mgumu, alichokichimba mwenyewe Muleba. Jioni hii alikuwa apande nacho ndege kwenda chuoni, kwenye mashine ya kukandamiza madini. Bila udongo ule, zamu yake angepewa mtu mwingine na utafiti wake wote ungeishia hapo. Muleba nako si jirani, kusema angekimbia mara moja akachimbe mwingine. Alitaka kulia.

Kosa lake ni kuuacha mezani. Huku udongo mweupe unaitwa pemba, unauzwa sokoni wa kutafuna, na mwenye mimba akiuona haulizi ni wa nani.

"Kwani unauminya ili iweje?" aliuliza mama mkwe wake, Ma Ephrasia, ambaye amekamua juisi ya ndizi kwa kuzikanyaga tangu usichana wake.

"Una haidrojeni ndani yake, mama. Ukiukandamiza sana kwenye maji ya moto haukamuki. Udongo wenyewe unayanywa yale maji."

"Unayanywa!" Ma Ephrasia alishika mbavu. "Mkamwana, ndizi zingekuwa na tabia hiyo, hapa Kashozi nzima tungekufa kwa kiu."

Macho yote yalimgeukia wifi, Vestina, aliyeolewa juzijuzi na sasa ameanza kunenepa. Vestina alitoa ulimi. Ulikuwa mwekundu, safi kabisa.

"Wifi, mimi nikitaka pemba si nanunua sokoni? Na mimba yenyewe sina. Ni matoke tu haya."

Akabaki Clavery, mume wa Joanitha, amejikunyata kwenye kochi. Wiki nzima alikuwa akitapika kila asubuhi. Zahanati walimpima malaria, hawakuona kitu. Joanitha alimhurumia sana, maana yeye alikuwa buheri wa afya na chakula cha mchana alikiongeza mara mbili.

"Mume wangu, hukumwona mtu akigusa kopo langu?"

Clavery alitikisa kichwa, midomo ameibana.

"Hebu fungua kinywa."

Alifungua polepole. Ulimi ulikuwa mweupe kama chokaa.

"Nisamehe, Joanitha. Nilionja tu. Halafu nikashindwa kuacha."

"Mwanaume mzima unakula udongo! Sasa nitakandamiza nini?"

Vestina alikuwa sakafuni kwa kicheko. Ma Ephrasia hakucheka hata kidogo. Alivuta kiti, akamkalisha Joanitha taratibu na kumwekea mto mgongoni.

"Punguza hasira, mwanangu, si nzuri kwako," alisema, akimtazama tumboni. "Baba mkwe wako naye alitafuna ukuta wa jiko mpaka tukawa tunaona migomba, wakati nina mimba ya huyu Clavery."