Lori Lililokunywa Mahindi

Zamani, lakini si zamani sana, Nungunungu alimuuzia Ngedere mahindi yake yote, isipokuwa mbegu ya kupanda. Ngedere alikuwa na lori lililotembea kwa pombe ya mahindi, na bei yake ilikuwa nzuri. Nungunungu alipokwenda sokoni kununua unga, hakupata hata kibaba, maana wakulima wote walikuwa wameliuzia lori.

“Usihofu, jirani,” alisema Ngedere alipompitia nyumbani. “Ng'ambo ya milima mahindi yamejaa. Nipe ya kutia kwenye tangi tu, nikakuletee.”

Nungunungu akatazama juu ya meko, ilikoning'inia mbegu.

“Baba watoto, hiyo usiiguse!” mkewe alikemea.

Akaitungua. Lori likaenda, likarudi tupu.

“Mahindi yako wapi?”

“Nilipakia hadi juu, jirani. Lakini na kurudi nako ni safari. Shukuru lori limefika salama.”

Jioni hiyo mvua ya kupandia ikaanza, nzuri kuliko ya mwaka jana.