Kiwiko cha Mama Mkwe

“Maji iko muzuri, leta mutoto,” alisema mama mkwe, mkono wake umezama ndani ya beseni.

Abigaïl alimkumbatia kichanga wake, akautazama mvuke. Vidole vile vilikuwa vikigeuza mandazi katika mafuta ya moto tangu ujana, vimekuwa vigumu kama kwato. Lakini nani anambishia mama mkwe?

“Mama, infirmière wa hospitali alisema tupime na kiwiko.”

“Kiwiko? Miye nilioshaka batoto tisa! Bote banaliaka tu, njo vile batoto beko.”

Hata hivyo mama mkwe alikunja mkono wa blauzi, akachovya kiwiko.

“Yesu wangu!”

Aliruka, nusura apindue beseni. Kisha akavitazama vidole vyake, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

“Leta maji ya baridi, mwanangu. Kumbe bale tisa balikuwa na haki ya kulia!”