Mwendo wa Mghanga

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, nguzo ya darajani ilimsalimu Mkawasi, kwa Alhamisi ya tatu mfululizo: "Shikamoo, Mzee Mghanga."

Mghanga ni mumewe, na alikuwa kitandani tangu Machi. Njia hii ya miguu na baiskeli, iliyojengwa palipokuwa na reli ya Mwatate, ina nguzo zinazomtambua mtu kwa mwendo wake. Aliyetimiza miaka sabini hutakiwa kuipita kila wiki. Akikosa wiki tatu, huhamishiwa makao ya wazee Mombasa, peke yake. Kwa hiyo kila Jumatatu Mkawasi alichechemea kama mumewe, na kila Alhamisi alitembea kama yeye mwenyewe.

"Mimi ni Mkawasi, wewe!"

"Mkawasi hajaonekana. Hii ni wiki ya tatu."

Alirudi hatua ishirini, akajaribu tena. Nyonga ilikuwa imeshazoea. Mguu wa kushoto ulijiburuta wenyewe.

"Yaani umenishinda hata kuchechemea," Mghanga alimtania jioni ile, lakini hakucheka.

Ijumaa saa nne asubuhi gari la makao lilisimama mlangoni. Muuguzi aliingia, akauliza kwa upole: "Mkawasi ni yupi?"

"Ni mimi," Mghanga alijibu kutoka kitandani.